Wajackoyah na bangi: alitaka kuhalalisha nini hasa?

Kijana_Kura2027

Habari wakuu. 2022 nilikuwa sekondari na siasa kwangu ilikuwa kucheza "tingiza mti", densi ya kampeni za Wajackoyah, uwanjani hadi mwalimu wa zamu atufukuze. Sasa nina kitambulisho, 2027 napiga kura, na nimekwama kwenye ubishi na binamu yangu. Yeye anashikilia kwamba George Wajackoyah, yule mgombea urais wa 2022, angeingia Ikulu, watu wangekuwa wanavuta bangi steji bila kuogopa afande. Mimi nasema jamaa alizungumzia bangi ya kuuza nje tu. Nikitafuta napata vichekesho vya watu na video za densi. Mwenye kukumbuka anisaidie: aliahidi nini hasa? Na rais anaweza kuamka siku moja akabadilisha sheria ya bangi peke yake? Matusi wekeni kando, tafadhali.

Karani_wa_Wakili

Wewe ndiye uko karibu na ukweli, lakini binamu yako hakuota. Alisikia walichosikia wengi.

Ilani ya chama chake, Roots Party, ilizinduliwa tarehe 30 Juni 2022. Bangi ilikuwa mstari wa mbele, nyuma yake sumu ya nyoka, nyama ya mbwa na korodani za fisi za kupelekwa China, wiki ya kazi ya siku nne, na mafisadi kunyongwa. Hesabu yake ilikuwa hivi: Kenya inadaiwa, wakati huo zaidi ya shilingi trilioni 8, na China ni mmoja wa wanaotudai. Basi tulime bangi, tuiuze ng'ambo kwa viwanda na watengenezaji dawa, tulipe deni, tupumue. Mgombea mwenza wake, Justina Wamae, ndiye aliyekuwa akiieleza kwa utulivu, hata kwenye mdahalo wa wagombea wenza mwezi Julai: ni ya dawa na viwanda. Wajackoyah mwenyewe aliususia mdahalo wake akitaka wagombea wote wanne wapandishwe jukwaa moja. Alikuwa na hoja hapo, sikatai, lakini ndivyo tulivyokosa nafasi ya kumwona akibanwa. Mimi nilikuwa na swali langu tayari.

Swali lenyewe linatoka kazini. Mimi ni karani wa wakili katika mji mmoja wa kaunti, na Jumatatu asubuhi kortini ndiyo siku ya bangi. Walioshikwa wikendi wanaletwa pamoja, wengine bado na viatu visivyo na kamba. Hati ya mashtaka ni ileile kila wiki, linabadilika jina tu: alipatikana na misokoto miwili ya bangi yenye thamani ya shilingi 100, kinyume cha sheria. Kielelezo kiko ndani ya bahasha ya kaki iliyopigwa stepla mdomoni, na siku za joto harufu inatufikia hadi kwenye benchi la mawakili. Karani wa korti anasoma, na kijana anajibu "ni kweli" kabla sentensi haijaisha, kwa sababu huko seli ameshapewa ushauri wa bure: ukikana, utangoja ripoti ya mkemia wa serikali, na pesa za dhamana huna. Hakimu akitaja faini, mama yake anatoka nje na simu kuanza kupigia mashemeji. Nimeona mtu akilipa elfu kumi kwa kitu cha shilingi mia.

Sasa, leseni ya kuuza nje ingemfaa nini huyo? Lesotho walianza kutoa leseni 2017, Malawi wakapitisha sheria yao 2020. Kote kuwili mwenye leseni analima kihalali, na mvutaji wa mtaani anabaki mhalifu vilevile. Afrika Kusini walipita njia nyingine kabisa: Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima akitumia bangi yake faraghani, au kujilimia kidogo, si kosa. Ukiisoma ilani ya Wajackoyah, ni njia ya Lesotho. Lakini suti ya traki, kitambaa kichwani na muziki juu ya gari vilikuwa vya njia ya Afrika Kusini. Binamu yako alisikiliza muziki.

Na jambo ambalo hakuna aliyelichezea densi: mwaka huohuo wa 2022 Bunge liliigusa ile Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya 1994. Zamani, hata ukimshawishi hakimu kwamba bangi ni ya matumizi yako mwenyewe, sheria ilitaja kifungo cha miaka 10. Sasa ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa wateja wetu hayo ni mabadiliko makubwa kuliko hotuba zote za kampeni ile.

Mwalimu_Nasaha

Karani, umeeleza vizuri ila umewaruka watoto. Mimi nashughulikia ushauri nasaha katika shule ya kutwa. Msimu ule wa kampeni nilikuwa nikimwita kijana ofisini, macho mekundu, sare inanuka, naye ananijibu bila haya: "Mwalimu, hata Profesa amesema ni dawa," yaani Wajackoyah. Hiyo tofauti ya bangi ya kiwandani na ya kichakani, nani alimweleza mtoto wa miaka 15? Mgombea urais anapopanda juu ya gari, kila neno lake ni somo, na hilo somo nililisahihisha mimi, si yeye.

Tena shamba lenyewe angelilinda nani? Tunashindwa kuzuia mitihani isivuje.

Mwishowe alipata kura 61,969, hata nusu asilimia haikufika. Wakenya walicheza densi yake, wakajipanga foleni na kuwapigia wengine.

Mpakani_Kuria

Mwalimu, hizo kura nazisoma kwa upande mwingine. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi. Ondoa wasiofikisha umri wa kupiga kura, bado ni umati. Maana yake hata wavutaji wenyewe hawakumwamini!

Huku kwetu mpakani mambo hayafichiki. Mzigo unavuka kutoka upande wa Tarime, Tanzania, kwa pikipiki za usiku, na anayelima ni mtu mwenye kipande kidogo, mimea ameificha katikati ya mahindi. Mtu huyo alipomsikia Wajackoyah alifurahi, akadhani yeye ndiye atakayepewa leseni. Mimi nilimwambia atulie. Lesotho leseni zilivutia kampuni zenye mtaji wa nje, za Kanada zikiwemo, maana bangi ya dawa inataka vitalu vilivyofunikwa, maabara, walinzi na vyeti vya kila aina. Nani hapa Ntimaru ana hizo pesa? Tumelima tumbaku miaka na miaka kwa mkataba: mbegu ya kampuni, mbolea ya kampuni kwa mkopo, na siku ya kupima gredi ni za kampuni. Mzee anarudi nyumbani na karatasi ya makato. Bangi ya leseni ingekuja kwa mlango huohuo, na yule wa katikati ya mahindi angeendelea kukimbizwa, safari hii kama mshindani wa mwekezaji.

Karani_wa_Wakili

Mpakani, nimesoma mara mbili. Hiyo ya tumbaku sikuwa nimeiwaza.

Mwalimu, nakubali kuhusu shamba na kuhusu vijana wako. Ila kijana huyohuyo wa macho mekundu akifikisha 18 akashikwa na msokoto, anapewa rekodi ya jinai, na akienda kutafuta cheti cha mwenendo mwema kwa ajili ya kazi, anaikuta huko inamngoja. Hilo nalo si somo zuri.

Kijana, sijasahau swali lako la pili. Jibu ni hapana. Sheria inatungwa na Bunge. Rais anatia saini au anaurudisha mswada na maoni yake. Aliyejaribu kupitia mlango unaostahili ni marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Mwaka 2018 aliomba asaidiwe kuandaa mswada wa kudhibiti bangi, na ndani yake kulikuwa na mambo ambayo mteja wangu wa Jumatatu angeyaelewa: msamaha kwa waliohukumiwa kwa kiasi kidogo, rekodi zao zifutwe, wakulima na watumiaji wasajiliwe, kodi ilipwe. Okoth alifariki Julai 2019 na mswada haukufika popote. Hakuwahi kupata hata robo ya kelele alizopata Wajackoyah, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa ameifikiria sheria yenyewe. Marasta nao walikwenda Mahakama Kuu 2021 wakitaka waruhusiwe kuitumia kwa ibada, hiyo ikawa njia ya tatu.

Kwa hiyo ukiwa na swali la bangi 2027, usilimalizie kwa wagombea urais. Mpelekee anayetaka ubunge: je, atapiga kura kuondoa kifungo kwa msokoto wa matumizi binafsi, na mkulima mdogo ataandikwa wapi ndani ya mswada? Usikubali akujibu kwa habari za deni la China.

Kijana_Kura2027

Asanteni sana wote. Binamu nimemtumia ukurasa mzima, amejibu kwa kicheko na kusema Mpakani ndiye angefaa kuwa mgombea.

Huku kwetu anayetaka ubunge ni mchungaji. Nitamuuliza kwenye mkutano wake, ila nitasimama karibu na lango.