Je, wanajeshi wetu wote walioko nje warudishwe?

Shikamoo mjomba, na wana Tanga wenzangu salamu. Hapa Pretoria Watanzania tunazungushiwa ombi la kutiwa saini, linaloitaka serikali iwarudishe nyumbani wanajeshi wote wa JWTZ walioko nchi za nje. Wenzangu wengi wameshasaini. Mimi nimesita, nikaona nikuulize kabla ya mkutano wetu wa Jumapili.

* * *

Marahaba, mpwa wangu. Usilisaini kama lilivyo, ingawa uchungu uliolizaa naujua. Askari wetu 15 wa kulinda amani walipouawa kwa shambulio la Desemba 7, 2017 kwenye kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, nilikwenda kuketi na mama mmoja jirani yetu hapa Chumbageni ambaye mwanawe alikuwa Kongo. Alishinda na simu mapajani, kila ikiita anampa mjukuu amsomee jina kwanza. Kijana alipopiga, usiku, mama alishindwa kusema lolote zaidi ya kumtaja jina lake, mara tatu au nne.

Hata hivyo, ombi hilo limechanganya mambo mawili. Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji ambako nako askari wetu wamepelekwa kupambana na waasi, iko ng'ambo ya Mto Ruvuma tu, na mwezi Oktoba 2020 wapiganaji wa huko walivuka wakaingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Anayetaka tuipe kisogo vita hiyo awaulize kwanza watu wa Kitaya.

Mashariki ya Kongo ni habari nyingine. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipeleka huko majeshi ya Afrika Kusini, Malawi na Tanzania kuanzia Desemba 2023 ili kulisaidia jeshi la Kongo dhidi ya waasi, wakiwemo M23, lakini Goma ikatekwa Januari 2025, na Machi 13 mwaka huohuo wakuu wa nchi wakaamua kuhitimisha operesheni ile. Wanajeshi wakaondoka kwa barabara kupitia Rwanda, nchi ileile ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inawasaidia M23, hadi Chato, huku kwetu Tanzania. Kwangu mimi, operesheni hiyo ilistahili kukoma mapema zaidi, kwa kuwa askari alibebeshwa mzigo ambao wanasiasa walikuwa hawajakubaliana namna ya kuutua. Sisi wa Tanga tuna makaburi ya askari walioletwa kutoka India mwezi Novemba 1914 kuja kufia vita ya Waingereza na Wajerumani. Tunajua mtu kuzikwa mbali kwa jambo lisilomhusu kukoje.

Kwa hiyo waombe wenzako waandike upya: kila operesheni iwe na lengo na ukomo unaojulikana, Bunge lielezwe kabla askari hajaondoka, na familia zipate habari za msiba kutoka jeshini kabla ya kuzisikia redioni. Wakikubali, saini, nami nitumie nakala nisaini huku. Yule mama nilimsomea hayo jana jioni, akaniagiza nikuambie hilo la familia liwe la kwanza.