Mzee wa kanisa anataka nitoe ushuhuda kwamba hakuna ubaguzi, nifanyeje?

binti_machame
Shalom wapendwa, naomba ushauri maana usingizi umekata. Naishi Marekani, huku kusini, nasali kanisa ambalo wengi ni wazungu, sisi tuliohamia kutoka Afrika ni familia chache na Wamarekani weusi nao wachache. Mchungaji ameanza mfululizo wa mahubiri kuhusu ubaguzi wa rangi na maridhiano, wiki ya kwanza tu watu wamenuna na wengine wameshahama. Sasa juzi mzee mmoja wa kanisa, mtu ambaye kwa kweli alitupokea vizuri tulipofika hadi makochi alitutafutia, kaniita pembeni anataka Jumapili nitoe ushuhuda, niseme mimi ni mweusi na sijawahi kubaguliwa hapa. Akasema "nyie wa Afrika hamna kinyongo kama hawa wa hapa". Kuna mama Mmarekani mweusi naimba naye kwaya, kasali hapo miaka na miaka na sijaona akiwekwa komiti yoyote zaidi ya chakula. Nikisema hayo nitamwangalia vipi usoni? Nikikataa nitaonekana sina shukrani. Na Biblia si inasema tusamehe, sasa kufukua ya zamani si ndo kutonesha vidonda?

mwl_ngosha
Dada yangu usisimame. Wewe hujabaguliwa hapo, sawa, mshukuru Mungu, ila ushuhuda wako unatakiwa ukafunge mdomo wa mtu mwingine na hilo ndilo baya lake. Na hiyo "ya zamani" tuiangalie vizuri. Philadelphia mwishoni mwa karne ya 18 Absalom Jones na wenzake walivutwa wasimame wakiwa wamepiga magoti wanaomba, ndani ya kanisa la Methodisti la St. George's, kosa lao kupiga magoti sehemu ambayo weusi hawakuruhusiwa. Wakatoka, na Richard Allen aliyekuwa nao ndiye baadaye akaanzisha kanisa la AME (African Methodist Episcopal, kanisa la Wamethodisti weusi) mwaka 1816. Watu wanauliza kwa nini weusi Marekani wana makanisa yao, jibu ndo hilo, walifukuzwa wakiwa kwenye maombi! Wabaptisti wa kusini nao walijitenga 1845 sababu walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmisionari, kuomba radhi rasmi wakaja kuomba 1995. Hesabu hapo, miaka 150. Na Wamethodisti walipoungana tena 1939 waliwatengea weusi jimbo lao peke yao, halikufutwa mpaka 1968. Huyo mama wa kwaya kama ana umri wa bibi basi hayo kayaishi, hajayasoma kitabuni.

Mkulima Nakuru
Mimi nitaongea tofauti kidogo msinichukie. Sista wewe ni mgeni huko, hayo mambo yao yameingiliana na siasa, ukijitokeza upande wowote utaumia na makaratasi yako bado sijui yako aje. Kaa kimya uombe. Alafu tusijifanye sisi huku tuko sawa, mwaka 2008 kwenye vurugu za kikabila baada ya uchaguzi wa Kenya watu walichomewa ndani ya kanisa Kiambaa karibu na Eldoret, na baadaye NCCK (baraza la makanisa Kenya) wenyewe wakakiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande na hawakuweza kukemea. Rangi ilikuwa moja.

pwani_hadi_cape
@Mkulima Nakuru umesema kweli kuhusu Kiambaa, lakini umeona mwenyewe, ilibidi wakiri. Kukaa kimya ndio kulikowafikisha pale.

Mimi nipo Afrika Kusini muda sasa na habari ya binti_machame inanikumbusha sinodi (mkutano mkuu) ya 1857 ya huku ya kanisa la Dutch Reformed, la walowezi wenye asili ya Uholanzi. Kulikuwa na wazungu hawataki kula meza ya Bwana pamoja na weusi. Sinodi ikasema kabisa kwamba kimaandiko ni vizuri wote wakae pamoja, ILA kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu basi weusi wanaweza kusali jengo lao. Soma tena hapo. Hawakusema weusi ni wabaya, walisema tusiwakwaze wanaokasirika. 1881 likawa kanisa zima la peke yake kwa machotara, na huko mbele wanasiasa wa apatheidi wakapata pa kuegemea. Huyo mzee wako naye anaogopa wanaohama, simlaumu kwa roho mbaya, ila ndio njia ile ile.

Wale waliotengwa ndio walioandika Ungamo la Belhar, yaani tamko lao la imani, rasimu 1982 wakalipitisha 1986, wanasema Mungu yuko upande wa anayeonewa na kanisa likae hapo alipo Mungu. Halafu 1990 kwenye mkutano wa makanisa Rustenburg profesa Willie Jonker, Mwafrikana (mzungu wa kanisa lile la Dutch Reformed), akasimama akakiri dhambi yake na ya kanisa lake, Desmond Tutu akainuka akapokea. Ona mpangilio, mkosaji ndiye aliyetangulia kusema. Na bado mpaka leo kanisa la wale waliotengwa na lile la wazungu hayajaungana, kwa hiyo usidhani ibada moja ya kukumbatiana inatosha.

Mama Rehema DRC
Shalom dada. Kusamehe ni kwa yule aliyekosewa, wewe huwezi kusamehe kwa jina la huyo mama. Soma Matendo 6, wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye chakula, mitume hawakuwaambia muache kinyongo, hawakutafuta mjane mmoja aliyeshiba aje kushuhudia. Walichagua watu saba, na majina yao ukiyaangalia ni ya Kiyunani, Stefano, Filipo, Nikanori, ndio wakapewa ile kazi. Hapo kwenu nani anashika pesa, nani anachagua mchungaji, anzieni hapo. Kuna seminari ya Virginia, ya Waanglikana, mwaka 2019 walitenga dola milioni 1.7 kwa ajili ya kizazi cha watu waliofanyishwa kazi pale kama watumwa. Toba yenye mkono.

Na huyo mzee usimkimbie, alikusaidia, mwambie ukweli kwa upendo nyumbani kwake, si madhabahuni.

binti_machame
Asanteni mno, Mungu awabariki. Nitaenda kwa huyo mzee Jumamosi na mume wangu, namwambia sitasimama na nitamwambia sababu. Hiyo ya komiti nitamuuliza pia, kwa heshima. Mama wa kwaya sitamsukuma aseme chochote, akitaka mwenyewe nipo. @Mkulima Nakuru makaratasi yako sawa kaka, grin kadi tunayo, usiwe na wasiwasi. @pwani_hadi_cape hiyo Belhar kama kuna mtu anayo kwa Kiswahili naiomba tafadhali, kundi letu la maombi la Alhamisi tuisome.