Tupeane uzoefu: kupiga picha sarafu za dhahabu zikatoka kama zilivyo

Mtunza Sarafu
Wakuu, picha nyingi za dhahabu tunazoonyeshana zina ugonjwa mmoja kati ya miwili: ama sarafu imewaka mpaka sura iliyochorwa imefutika, ama imepauka ikafanana na shaba nyeupe. Mwenye mbinu alete, na aeleze sababu yake. "Weka taa pembeni" peke yake haitoshi.

Fundi Mwanga
Tuanze na taa, maana kamera nzuri haiokoi mwanga mbaya. Dhahabu ni kioo. Ikitazama dari nyeupe inapauka, ikitazama shati jekundu ukingo wake unakuwa mwekundu. Vaa nguo nyeusi au ya kijivu, funga pazia, zima taa ya chumba.

Kwa sarafu isiyotumika, chukua taa mbili ndogo za LED za rangi moja ya mwanga, mfano zote 5000K, CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi) 90 kwenda juu. Chukulia sarafu ni uso wa saa ya ukutani: taa moja ielekee namba 10, nyingine namba 2. Zipandishe mpaka nyuzi 60 au 70 kutoka mezani, karibu kabisa na lenzi. Sarafu inapogongwa, dhahabu hutambaa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo mno. Mistari hiyo ndiyo inayorudisha mwanga kama spoku za baiskeli, na spoku zinazunguka ukiigeuza sarafu taratibu. Igeuze huku ukitazama skrini, simama pale spoku zinapopita pembeni ya uso wa mtu aliyechorwa. Ukifunika taa kwa karatasi nene ya kulainisha mwanga, spoku zinakufa na sarafu mpya inaonekana kama imesuguliwa.

Taa ikishuka chini ya nyuzi 20, kila mkwaruzo unasimama. Hiyo ni picha ya ukaguzi. Anayeuza sarafu aweke zote mbili, ya mwanga wa juu na ya mwanga wa chini. Mikwaruzo myembamba ya kufutwa kwa kitambaa hujificha vizuri sana kwenye mwanga wa juu.

Jicho la Makro
Naongezea upande wa kamera. Kamera itazame chini wima kutoka kwenye stendi. Kuhakikisha, weka kioo bapa mahali pa sarafu, fokasi kwenye taswira ya lenzi yako mwenyewe, kisha rekebisha stendi mpaka duara la lenzi likae katikati kamili ya fremu. Likikaa pembeni kidogo tu, sarafu itatoka kama yai na upande mmoja hautashika fokasi.

Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 inakupa nafasi ya kuingiza taa. ISO 100, kujipiga kwa sekunde 2 ili mkono usitikise. Tundu la lenzi liwe f/5.6 au f/8 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo). Wengi wanakimbilia f/16 wakidhani ndiyo ukali, kumbe ukikaribia ukubwa halisi, yaani taswira kwenye kihisi cha kamera ilingane na kitu chenyewe, namba ya tundu inayofanya kazi kweli inazidishwa karibu mara mbili. Sovereign, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ina kipenyo cha milimita 22.05, na kihisi cha fremu kamili kina kimo cha milimita 24, kwa hiyo ukiijaza fremu upo karibu kabisa na ukubwa halisi: f/8 inafanya kazi kama f/16, na f/16 kama f/32, mwanga unatawanyika na herufi zinalegea. Sura iliyoinuka sana ikikataa kushika fokasi yote, piga picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha ziunganishe kwenye programu.

Rangi Kamili
Mkuu hapo juu kamaliza, mimi nagusa rangi tu. Ukiiachia kamera ijipangie weupe, inaona fremu imejaa njano, inadhani taa ndiyo ya njano, inaongeza bluu. Ndiyo ule upaukaji. Weka kadi ya kijivu pale pale chini ya taa zile zile, pima weupe, usiuguse tena.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kwenye dhahabu, rangi nyekundu hujaa kabla ya nyingine. Histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ya jumla inaweza kukuambia mambo safi huku nyekundu imeshapasuka, na nywele za kwenye sura zinageuka bapa kama rangi ya kupaka. Washa histogramu ya rangi tatu, punguza mwanga theluthi mbili ya stopu mpaka stopu moja (stopu moja ni kukata mwanga nusu), hifadhi RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Kwa nini tunahangaika hivi? Weka Krugerrand ya Afrika Kusini na American Eagle ya Marekani pamoja. Zote karati 22, lakini ya kwanza imechanganywa na shaba peke yake, ina wekundu. Ya pili ina asilimia 3 ya fedha, ina njano zaidi. Picha isiyoonyesha tofauti hiyo imekosea rangi.

Mama Prufu
Sarafu za prufu, zile zinazotengenezwa mahsusi kwa wakusanyaji, zinataka njia nyingine kabisa. Uwanda, yaani sehemu tupu inayozunguka sura, ni kioo cha kujitazamia, sura imekwaruzwa kiufundi ikawa kama barafu. Zungushia lenzi karatasi nyeusi yenye tundu. Uwanda utaakisi weusi huo na sura itabaki inang'aa.

Ukitaka uwanda uwake njano, tegesha kipande cha kioo angavu kama cha dirisha nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, taa ipige kioo kutoka ubavuni. Kioo kinashusha mwanga wima kwenye sarafu, unarudi wima kwenye lenzi. Kinga sarafu isipigwe na taa moja kwa moja, na upande wa pili wa kioo tundika kitambaa cheusi. Kioo kinashusha sehemu ndogo tu ya mwanga, kwa hiyo shata itakuwa ya polepole.

Kifuko
Ikiwa ndani ya kasha la plastiki, shusha taa mpaka mng'ao wa plastiki utoke kwenye fremu. Kichujio cha polaraiza (cha kupunguza mng'ao) hakisaidii sana ukipiga wima.

Wa simu: usiisogeze sentimita 5, kivuli chake kitafunika sarafu. Rudi sentimita 15 hadi 20, tumia lenzi ya 2x, gandamiza kidole kufunga fokasi, shusha mwanga. Zima makro ya kujiwasha.

Vumbi litolewe kwa pampu ya hewa ya mkono, si kwa kupuliza na mdomo, mate yanaacha madoa. Shika ukingo tu, chini tandika kitambaa laini. Na msisahau picha ya ukingo wenyewe: Krugerrand ya kawaida ina meno 160, ya prufu 220, na anayekagua atataka kuyahesabu.