Brooks Robinson: wastani wa 0.267, mbona yumo Cooperstown?

Mgeni wa Beisi:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Ndiyo kwanza naanza kufuatilia besiboli, napitia takwimu za wakongwe. Brooks Robinson wa Baltimore Orioles: misimu 23, wastani wa kupiga 0.267. Wapo waliompita kwa mbali na hawajaingia Cooperstown, ukumbi wa heshima wa magwiji wa besiboli. Yeye kaingia 1983, mara ya kwanza tu kupigiwa kura. Kulikoni?

Mdaka Chini:
Mkuu, angalia glavu kwanza, gongo baadaye. Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, 16 mfululizo, 1960 hadi 1975! Hakuna mlinda beisi ya tatu mwingine aliyezifikisha. Na wala hakuwa na mbio, alikuwa mzito. Siri yake ilikuwa kuusoma mpira mapema na kuutoa mkononi upesi.

Tafuta video ya mchezo wa kwanza wa World Series 1970, yaani fainali ya ubingwa, Orioles ugenini kwa Cincinnati. Matokeo 3-3, awamu ya sita. Lee May wa Cincinnati anachapa mpira wa chini unaoambaa na mstari. Robinson anaunyaka nyuma ya beisi, glavu kaipinduza, na kasi inamtoa nje ya mstari kabisa. Anageuka hewani, anarusha bila hata kutua vizuri. Mpira unadunda mara moja, mwenzake Boog Powell anaudaka beisi ya kwanza. May katolewa! Awamu ya saba Robinson huyohuyo akaupeleka mpira nje ya uwanja, wakashinda 4-3. Na mapema siku hiyo alikuwa ameshavuruga mpira wa kwanza kumjia. Hakuyumba hata kidogo.

Goti la Zamani:
Kwangu mlinda beisi ya tatu bora bado ni Mike Schmidt. Homurani (mipira ya kupigwa hadi nje ya uwanja) 548 na Gold Glove 10 juu yake.

Mdaka Chini:
Ukijumlisha vyote, Schmidt, sibishi. Kwa kuzuia peke yake simwoni wa kumsogelea Robinson. Na gongo lake msilidharau: 1964 alikuwa MVP (mchezaji bora) wa American League, mapigo yake yaliingiza mikimbio 118, akaongoza ligi nzima.

Mgeni wa Beisi:
Nimeiona ya May, nimeirudia tena na tena. Nitazame ipi sasa?

Mdaka Chini:
Mchezo wa tano, fainali hiyohiyo, awamu ya tisa. Johnny Bench anafyatua, Robinson anajirusha kulia mzimamzima na kuudaka nje ya mstari. Usizime hapo: mpigaji wa mwisho, Pat Corrales, naye anaupiga kwake.