Ujiji au Matema kwa likizo? Naomba ulinganisho

Mtu wa Ngamiani

Wanajukwaa, habari za kutwa. Mimi na familia yangu tunaishi hapa Tanga mjini na bahari tumekwisha kuiona ya kutosha. Safari hii tunataka mji mdogo wa kando ya ziwa, wenye mandhari ya asili, maji ya kuogelea na kupanda boti, na historia ya kuwaonyesha watoto. Nimebaki na majina mawili: Ujiji ya Ziwa Tanganyika, kwa maana ya kulala Kigoma mjini na kwenda Ujiji kutembea, au Matema iliyoko wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Barua ya likizo natakiwa kuipeleka kazini kabla ya Ijumaa, na kote kuwili wenye nyumba za wageni wanataka malipo ya awali. Mliofika huko, nisaidieni kulinganisha.

Nahodha Mstaafu

Ndugu, umeuliza vizuri lakini umeficha yote ya muhimu. Hujasema mnakwenda mwezi gani, mko wangapi, watoto wana umri gani, mnasafiri kwa basi au kwa gari lenu, wala nani kati yenu anajua kuogelea. Ziwa Tanganyika lina kina kinachokaribia mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na Nyasa nalo linafikia mita 700. Maji ya namna hiyo yakishikwa na upepo huwa na mawimbi yasiyopungua ya baharini, kwa hiyo taja mwezi kwanza, ndipo tuzungumze.

Bint Chumbageni

Mimi ni mpenzi wa Matema na sitaficha. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, mchanga ni safi, na unaamka asubuhi ukiwaona wavuvi wakirudi na mitumbwi ya gogo moja. Mtu akikupeleka kwa mtumbwi hadi Ikombe utawakuta akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu bila gurudumu. Nilimtazama mmoja akilainisha ukingo kwa kipande cha kibuyu, huku akikizungusha chungu taratibu juu ya kigae, na ukingo ule ukatoka mviringo kamili. Njiani mnapita Tukuyu penye mashamba ya chai na migomba, na mkipenda mnaweza kuchepuka kuliona Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira. Mchele wa Kyela sina haja ya kuueleza, kwa sababu hata hapa Tanga tunauulizia dukani kwa jina.

Mha wa Mwanga

Dada yangu, mandhari sikatai, lakini kaka ametaja historia. Ujiji ndiko ulikokomea ule msafara wa pembe na watumwa ulioanzia Bagamoyo. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walifika huko Februari 1858, na mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone chini ya mwembe. Mwembe wenyewe haupo tena, ila ipo miembe inayosemekana ilipandikizwa kutokana nao, na pembeni kuna makumbusho. Ukirudi Kigoma unakutana na habari za meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa kwa reli. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mtoto gani atachoka kusikia hayo? Migebuka ya kuchoma mtaikuta huko huko, na mtu akishaila hana hamu tena ya kubishana kuhusu mchele.

Mkonge

Mnawatuma watu mwisho wa nchi wakati Pangani ipo saa chache tu kutoka hapa. Kuna mto wa kupanda boti, kuna boma la zamani, na ndiko Wajerumani walikomnyonga Abushiri, kiongozi wa vita vya Pwani dhidi yao, mwaka 1889. Kisiwa cha Maziwe kina mchanga mweupe na matumbawe. Kinachokosekana ni nini?

Mtu wa Ngamiani

Mkonge, kinachokosekana ni ziwa, na Pangani nimezaliwa. Nahodha, shikamoo mzee wangu, naomba radhi kwa kutokamilisha. Tunakwenda mwezi wa sita shule zikifungwa. Tuko watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua, mvulana wa miaka 14 na binti wa miaka 8. Tunasafiri kwa basi. Anayeogelea ni mimi na mvulana.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Sasa tunaweza kuzungumza. Mwezi wa sita ni kiangazi na barabara huwa kavu, jambo zuri hasa kwa Matema, maana Kyela masika yake ni mvua ya kumwaga. Ubaya wake ni kwamba ndio msimu wa upepo wa kusini katika maziwa yote mawili. Wavuvi wa Nyasa huuita mwera, na ukivuma kwa nguvu mawimbi yanatembea urefu wote wa ziwa hadi kuvunjikia kwenu mlioko kaskazini. Panda boti asubuhi, alasiri kaa nchi kavu. Na wewe Mkonge usimpotoshe mtu: mwezi wa sita ni kusi, na Maziwe hata bahari ikiwa shwari ni safari ya kupigia hesabu maji, kwa sababu miti yake ilikwisha zamani na sasa ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa. Ndiyo maana mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa Ushongo.

Mkonge

Mzee wangu, sikusema aende maji yamejaa. Mtu wa Tanga anajua bamvua na maji mafu tangu akiwa mdogo, hafundishwi.

Mama Wawili

Nimesoma sifa za Kigoma nami sizipingi, ila niruhusuni nieleze yaliyotukuta. Tulimkodi mtu wa boti pale ufukweni atupeleke Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Tulikubaliana bei jioni, naye akatuhakikishia kwamba mafuta yamo ndani ya bei hiyo na kwamba tutaondoka alfajiri kabla ziwa halijachafuka. Alfajiri tuliikuta boti ingali juu ya mchanga, injini imefunuliwa, na kijana mmoja ananyonya petroli kwa mpira kutoka dumu moja kwenda jingine. Tuliondoka jua limekwisha kupanda, tena baada ya kudaiwa nyongeza ya mafuta. Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwepo, lakini yote ya watu wazima; la mwanangu ilinibidi nilikaze kwa kanga ili lisimchomoke kichwani. Katikati ya safari upepo ukaanza, maji yakawa yanaingia ubavuni, injini ikawa inazima na kuwaka, na yule kijana akawa anafuta plagi kwa pindo la shati huku akituambia tusiwe na wasiwasi. Tulipofika tukaelezwa kwamba mtoto wangu hajafikisha umri wa kupelekwa kwa sokwe, jambo ambalo mwenye boti alilijua tangu jioni ile na hakulitamka. Mume wangu akapanda mlima na mwongoza wageni, mimi nikabaki ufukweni nikiulinda mkoba wa chakula dhidi ya nyani, ambao mmoja wao alifanikiwa kuondoka na mkate mzima. Tulirudi Kigoma gizani bila taa. Pesa ya nyongeza sikurudishiwa hadi leo.

Mha wa Mwanga

Pole sana dada. Hilo ni kosa la mtu wa boti, si la ziwa. Gombe haina barabara, kwa hiyo ama mnapanga boti kupitia ofisi ya hifadhi, ama mnaangukia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Kuhusu watoto umesema kweli, na hata mtu mzima mwenye mafua hukatazwa kuwakaribia, kwa sababu sokwe huambukizwa maradhi yetu ya kifua.

Bint Chumbageni

Kwa hiyo binti wa miaka 8 na bibi yake mwenye magoti wanasafiri hadi Kigoma kulinda mkate?

Mwalimu wa Makorora

Niingilie kidogo kuhusu historia. Wapo wanaodai kwamba Livingstone na Stanley walikutana Burundi, kwa sababu kuna jiwe pale Mugere, kusini mwa Bujumbura, lililoandikwa majina yao na tarehe ya Novemba 1871. Wasiwachanganye. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi pamoja kwenda kaskazini kuhakikisha kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakakuta unaingia. Mugere walilala tu. Jambo jingine: mgeni wa Ujiji hushangaa kuukuta mnara wa kumbukumbu ya mkutano huo uko mbali na maji. Wakati ule ziwa lilikuwa juu zaidi; mwishoni mwa miaka ya 1870 lilifurika kupitia Mto Lukuga upande wa Kongo, njia ile ikapanuka, na maji yakashuka kwa mita kadhaa. Mwambie kijana wako asimame pale mnarani aangalie ziwa lilivyorudi nyuma. Hilo atalikumbuka kuliko tarehe zote.

Mkonge

Mwalimu, na maiti ya Livingstone si ilibebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi hadi Bagamoyo mwaka 1874? Kwa hiyo historia hiyo hiyo ipo Pwani, kwa nauli ya basi moja.

Mwalimu wa Makorora

Ilibebwa, ndiyo, lakini kutoka kijijini kwa Chitambo alikofia, ambako leo ni Zambia. Haikutoka Ujiji.

Muuguzi wa Bombo

Nyote mmezungumzia mawimbi na hakuna aliyetaja kichocho. Sisi tuliokulia baharini hatuna mazoea ya kukiogopa, kwa sababu konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Ziwa Nyasa kinapatikana, na Tanganyika pia kipo katika baadhi ya sehemu, hasa palipo na magugu, maji yaliyotulia na watu wanaofulia. Waache watoto waogelee penye mchanga mtupu na mawimbi, wajifute mara watokapo, na mkirudi, baada ya wiki kadhaa, mwende wote mkapimwe. Dawa yake ipo na si ya kutisha. Mamba nao wapo katika maziwa yote mawili, kwa hiyo waulizeni wenyeji kabla ya kuingia majini.

Mtu wa Ngamiani

Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma habari ya nyani akacheka, kisha alipofika kwenye kichocho na mamba akanyamaza. Mvulana anang'ang'ania Liemba. Mama anauliza kama Kyela kuna ndugu wa marehemu baba bado wanaishi, jambo ambalo sikulijua. Nauliza tena: kwa basi, njia ipi itamchosha mzee kidogo?

Bint Chumbageni

Kyela. Mnapita Chalinze na Morogoro, mnalala Iringa, siku ya pili mnaingia.

Mha wa Mwanga

Nani alisema lazima basi? Teremkeni Dar es Salaam mpande treni ya reli ya kati, ile ya zamani, daraja la kulala. Mama ananyoosha miguu kitandani hadi Kigoma, na Tabora mnapata asali dirishani.

Nahodha Mstaafu

Kabla ya kulipa chochote, tuambie mama anaweza kupanda na kushuka kwenye boti isiyo na gati. Hilo bado hujalijibu.