Picha inakatika gemu ikikimbia: ninunue skrini ya hezi 75 au 144?

Mwana wa Kondele
Hamjambo wadau. Niko Kisumu, naomba mnishauri kabla sijatoa pesa. Kadi yangu ya picha ni GTX 1060, skrini ni ya hezi 60, yaani huchora picha mara 60 kwa sekunde. Tunacheza mbio za magari na mdogo wangu kila jioni. Nikikata kona kwa kasi, nguzo za taa kando ya barabara zinakatika katikati: kipande cha chini kimeshasogea, cha juu kimebaki nyuma. Nikiwasha V-Sync (mpangilio wa kuifanya kadi iisubiri skrini) mkato unaisha, lakini gari linaanza kwenda kwa kushtukashtuka kama matatu yenye klachi mbovu. Napata fremu, yaani picha nzima kutoka kwa kadi, 40 hadi 58 kwa sekunde.

Nimeona skrini mbili za bei karibu sawa: mpya ya hezi 75, na iliyotumika ya hezi 144. Zote zimeandikwa FreeSync. Kitu hiki husaidia kweli, ama nitafute kadi nyingine?

Fundi wa Section 58
Kaka, kadi iache kwanza. Shida yako ni kwamba kadi na skrini hazisubiriani. Skrini ya hezi 60 huchora picha kila baada ya milisekunde 16.7, kadi iwe imemaliza au haijamaliza. Kwa fremu 45, kadi yako inahitaji kama milisekunde 22 kwa kila moja. Fremu mpya ikiingia wakati skrini imefika nusu ya kuchora, juu inabaki picha ya zamani, chini inatokea mpya. Ndizo hizo nguzo zako. V-Sync nayo inailazimisha fremu iliyochelewa kungoja zamu ijayo, kwa hiyo fremu moja inakaa kwenye kioo milisekunde 16.7, nyingine 33.3, na jicho linauona huo mruko.

Kwa FreeSync na G-Sync, skrini ndiyo inayoingoja kadi: fremu ikiwa tayari, ndipo inachorwa. NVIDIA, watengenezaji wa chipu ya kadi yako, walitangaza G-Sync 2013, ikihitaji kifaa chao ndani ya skrini. Tangu Januari 2019 draiva zao (programu zinazoendesha kadi) zinakubali skrini za FreeSync, ambayo ni ya wapinzani wao AMD, kuanzia kadi za familia ya GTX 10, kwa hiyo yako imo. Lakini tumia kebo ya DisplayPort, kwa HDMI kadi hiyo haitakubali.

Binti Kakamega
Fundi amesema vyema, ila usinunue ile ya 75! Nilinunua ya namna hiyo nikajuta. Kila skrini ina mipaka yake, na nyingi za 75 hufanya kazi hii kati ya hezi 48 na 75 tu. Ukishuka hadi fremu 42 uko nje, mikato inarudi palepale kwenye kona ngumu. Skrini ya 48 hadi 144 ikifika hapo, kila fremu inaonyeshwa mara mbili: 42 mara mbili ni 84, bado iko ndani. Ile ya 75 hiyo 84 itaiweka wapi? Kiwango cha juu kinafaa kiwe angalau mara mbili ya cha chini. Na kwa kuwa imetumika, beba kompyuta yako uijaribu hapohapo dukani.

Mwana wa Kondele
Asante sana dada. Kwa hiyo fremu zitaongezeka?

Fundi wa Section 58
Haziongezeki, 45 itabaki 45. Kinachoondoka ni mkato na mruko. Kwa gemu nyepesi zinazopita 144, weka kikomo cha fremu 141, maana ukivuka mpaka wa juu skrini haiwezi tena kuifuata kadi.

Mwana wa Kondele
Wadau nimerudi. Nimechukua ya 144, na kebo ya DisplayPort. Mara ya kwanza haikubadilika kitu, kumbe nilikuwa sijaiwasha G-Sync kwenye mipangilio ya draiva. Sasa nguzo zinapita nzima, na mdogo wangu ameniuliza kama nimebadilisha gari! Ila gemu ikiwa inapakia, kioo kinametameta kidogo. Ni kasoro?

Binti Kakamega
Hapana. Wakati wa kupakia fremu hupanda na kushuka ghafla, na mwanga wa kioo hubadilika nazo kidogo. Paneli za VA, aina mojawapo ya vioo vya skrini, huonyesha hilo zaidi. Ingia kwenye mbio za usiku, uangalie mahali penye giza. Kukiwa kumetulia, chezeni.