Vifaa vya vita vya Mjerumani: kopi zigongwe alama, au vitu vyenyewe vipigwe marufuku?

MkusanyajiKassel: Wakuu, habari za leo. Naishi Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi ikiisha nakusanya vifaa vya bunduki ya Karabiner 98k, ile ya jeshi la Mjerumani la Vita vya Pili. Mwezi uliopita nilinunua Schießbecher, kile kikombe cha milimita 30 kilichoanza kutumika 1942, kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ili irushe guruneti. Niliuziwa seti kamili: kikombe, kilengeo chenye pima maji, ufunguo wa kukazia na mkoba wake. Nimelipa karibu kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Kikombe ni feki. Muuzaji ananijibu kwamba hakuandika popote kuwa ni halisi. Hoja yangu ni hii: sheria imlazimishe kila anayetengeneza kopi agonge neno KOPI kwenye chuma chenyewe. Mnasemaje?

FundiKerezo: Pole sana mkuu. Umejuaje? Mulika tochi ndani. Halisi ina mifereji minane inayozunguka, maana bomu lenyewe lilikuja na meno ya kukaa humo ili lizunguke hewani.

MkusanyajiKassel: Mifereji ipo, nimeihesabu, minane. Aliyeitengeneza ni fundi kweli. Kilichomuumbua ni mihuri. Nimeweka lenzi juu ya ule muhuri wa tai na namba ya mkaguzi. Chuma kina vishimo vya kutu, na herufi zimeshuka mpaka ndani ya vishimo. Maana yake kutu ilitangulia, muhuri ukafuata! Kwenye kifaa cha kweli kutu ndiyo inayokula herufi. Tena chuma kilichogongwa huinuka kidogo pembeni ya herufi, ukipitisha ukucha unakwama. Hapa ukucha unateleza tu.

FundiKerezo: Hapo umemaliza. Ila na wewe umelipa sana. Vikombe hivi vilitengenezwa zaidi ya milioni moja, si adimu hivyo. Adimu ni GG/P 40, ile ya askari wa miavuli, ambayo si kikombe bali ni mrija unaovalishwa bomu kwa juu. Ukiona hiyo inauzwa bei ya kutupa, kimbia.

ShangaziTatu: Nimesoma mpaka hapo nikaweka simu chini. Mwanangu, unalipa kodi ya nyumba kununua chombo cha Hitler? Chenye muhuri wa tai wake? Huko kwao kwenyewe swastika hairuhusiwi kuonyeshwa hadharani, wauzaji wanaibandika karatasi juu. Wewe unaitafuta kwa lenzi. Kopi ama si kopi, vitu hivi visiuzwe kabisa. Viende makumbusho.

MkusanyajiKassel: Shangazi, shikamoo. Kwa heshima zote, mimi si mshabiki wa Hitler, na sheria hiyo naijua kuliko wengi hapa. Inaruhusu elimu na utafiti. Makumbusho ya huku stoo zimejaa, kikombe kama hiki hawakitaki hata bure. Na silaha za Mjerumani si jambo geni kwetu. Babu yake baba alikuwa askari wa Lettow, jemadari wa Mjerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza. Angekuwa hai angeijua bunduki feki gizani, kwa kuishika tu.

BintiRuvuma: Angeijua kwa kuishika. Sawa. Nasi tunaijua kwa kushikiwa. Mimi ni Mngoni wa Songea. Askari wa Mjerumani ndio waliochoma maghala ya nafaka wakati wa Maji Maji, watu wakafa njaa kuliko waliokufa kwa risasi. Nduna Songea Mbano alinyongwa 1906, na hadi leo ukoo unatafuta fuvu lake huko huko unakokaa wewe. Rais wao Steinmeier alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi. Na wewe unatuletea sifa za babu?

MkusanyajiKassel: Dada, babu aliingia jeshini 1914. Maji Maji iliisha 1907. Usinipe dhambi isiyo ya kwetu.

BintiRuvuma: Sare ilikuwa ileile.

Chege254: Naunga dada mkono, lakini hata yeye amesahau watu. Mnabishana kuhusu askari, ambaye alikuwa na bunduki na mshahara. Wapagazi je? Upande wa Mwingereza peke yake walikufa karibu laki moja, wengi kwa kuhara na malaria, na wengi jamaa zao hawakuona hata senti ya mshahara uliobaki. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar ni jina lao, Carrier Corps. Hakuna anayekusanya kamba ya mpagazi. Hakuna mnada wa ngata.

MzeeWaGerezani: Chege umesema neno zito. Lakini tusiwadharau askari, walikuwa wanaume. Lettow hakushindwa pambano hata moja, aliweka silaha chini siku ileile vita ilipoisha, tarehe 11 Novemba.

Chege254: Mzee, hapana. Tarehe 11 ni Ulaya. Lettow alikuwa porini Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, habari zikamkuta baadaye. Alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Na kusema hakushindwa hata pambano moja ni hadithi aliyoipenda yeye mwenyewe.

MzeeWaGerezani: Tarehe nakubali. Lakini kuna jambo mnalolikwepa, na ndilo linalohusu mada ya kutambua halisi na feki. Lettow alipofariki 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa 1918, wengine walikuja na vipande vya sare, wengi mikono mitupu. Afisa aliyeleta fedha akampa kila mzee ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani ashike silaha, aweke begani, asimame wima. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Miaka 46 imepita! Mwili ulikuwa na muhuri ambao hauwezi kugongwa juu ya kutu.

BintiRuvuma: Mzee wangu, umeisimulia vizuri, lakini mimi inanichoma. Mzee wa miaka sabini anapewa ufagio acheze kwata ndipo alipwe haki yake? Hicho ni kipimo au fedheha?

ShangaziTatu: Fedheha. Wangeandika majina tangu mwanzo isingefika huko.

FundiKerezo: Jamani, mada ilikuwa kopi zigongwe alama. Naomba turudi. Mimi naona alama haitasaidia, mtu atasaga maandishi kwa msasa na kutia asidi kwa usiku mmoja. Dawa ni muuzaji kulazimishwa kuandika asili ya kifaa: kilitoka wapi, kwa nani, mwaka gani.

BintiRuvuma: Asili ya kifaa. Hilo hasa ndilo tunaloliuliza juu ya mafuvu ya wazee wetu yaliyopelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 Berlin walipima vinasaba, wakapata ndugu walio hai Tanzania, mmoja wa marehemu akiwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Kwa hiyo uwezo wa kutambua wanao. Wanachagua cha kutambua.

MkusanyajiKassel: Dada, hapo sibishani nawe. Na neno la mzee kuhusu vyeti limenikalisha kimya tangu jana. Babu alikuwa nacho. Alifariki 1951, foleni ya Mwanza hakuifika. Cheti kilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, na mwaka 1986 baba mdogo akakiuza kwa mtalii mmoja aliyekuwa akizunguka vijijini kuuliza vitu vya zamani. Alimpa redio. Mimi nilianza kwenda minadani huku kwa ajili ya karatasi ile, bunduki zilikuja baadaye. Kona ya chini imeungua na kibatari.

BintiRuvuma: Ungeanza na hilo.

ShangaziTatu: Mwanangu, jina lake nani? Nina binti Hamburg anafanya kazi kwenye nyaraka za zamani, anaweza kuuliza.

MkusanyajiKassel: Masanja, shangazi. Lakini baba alituambia kwamba Mjerumani aliandika kama alivyosikia. Mwambie atafute Massandja, s mbili.